Nukta Mbili Juu ya A

Januari, Tartu. Ijumaa, saa kumi na dakika arobaini na saba.
Giza limeshafunga madirisha,
misumeno ya karakana imenyamaza,
na mimi nimevaa koti mkono mmoja
barua inapoingia.

Kutoka kwa Heldur, mkurugenzi.
"Mpendwa Ülle," inasema,
"natumaini u mzima. Tafadhali lipa ankara hii
kabla benki hazijafungwa:
yuro elfu thelathini na nane na mia nne.
Akaunti ya wauza gundi imebadilika.
Niko mkutanoni, usinipigie.
Hili libaki kati yetu."

Mkono wenye koti ukabaki hewani.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu,
sawa, nimekubali,
lakini nani kasema huyu ni mkuu?

Miaka kumi na tisa namfanyia kazi Heldur.
Hajawahi kuniita mpendwa.
Huandika kwa kidole gumba, maneno yamekatwa mikia,
na zile nukta mbili juu ya a, juu ya u,
huziacha pale anapoacha funguo zake,
yaani hakuna apajuaye.
Kwake mimi ni Ulle, mkavu, tangu siku ya kwanza.
Barua hii ina nukta zote,
kila moja imekaa mahali pake
kama vifungo vya shati la harusi.

Zamani tuliwajua kwa lugha yao mbovu.
Tukawacheka jikoni: huyu mwana wa mfalme, yule mjane wa jenerali,
Kiestonia chao kikichechemea
kama kiti kilichokosewa vipimo.
Siku hizi waongo wameenda shule.
Wanaandika vizuri kuliko bosi.

Nikasogeza kishale juu ya jina, bila kubofya,
kama mtu anyanyuaye mfuniko kunusa tu.
Anwani ikajitokeza: jina la kampuni, naam,
ila m yake si m.
Ni r na n zimekumbatiana
zikitumaini macho yangu yamechoka.
Yalikuwa yamechoka.

Nikampigia kwa namba iliyo daftarini mwangu,
si ile iliyowekwa chini ya barua.
Simu imezimwa.
Ndipo nikakumbuka: Heldur yuko ziwani Peipsi,
ameketi juu ya ndoo, juu ya barafu,
ndoano imezama kwenye tundu la upana wa sahani,
anamngoja sangara asiyefikiri sana.

Na kama ni kweli?
Jumatatu gundi haitakuja,
viti mia mbili vitalala bila migongo,
na lawama inajua dawati langu lilipo.

Dawati la pili ni la Tõnis.
Tõnis alibofya, mwaka juzi, theluji ikiyeyuka.
Elfu kumi na moja. Hakufukuzwa.
Hakuna aliyemsema, na hilo ndilo lililomtafuna.
Alificha siku tatu kabla ya kufungua kinywa,
na katika siku hizo tatu pesa zilivuka mipaka minne.
Sasa hula mkate wake mbele ya skrini,
akisoma kila barua mara mbili,
hata za mkewe.

"Tõnis," nikasema, "njoo utazame."
Hakugusa kipanya. Aliinama,
kidole kikatembea mstari kwa mstari
kikasimama chini ya neno moja.
"Usinipigie," akasoma.
Kisha, kwa sauti ya chini:
"Hata mimi aliniambia hivyo."

Tukaipeleka kwa Merike wa kompyuta.
Hatukulipa.
Tulishuka ngazi pamoja, mara ya kwanza tangu mwaka juzi,
tukilalamikia baridi.

Usiku wa Jumamosi simu ikatetemeka kitandani:
"ulle ankara gani sijatuma kitu samaki hakuna"

Nikausoma mara mbili.
Hauna nukta hata moja.
Nikalala.